Taya na Meno Yanavyosaidia Kumtambua Marehemu Asiyejulikana

Mwili unapofikishwa mochari bila kitambulisho, bila simu na bila mtu wa kuusindikiza, jambo mojawapo la kwanza kuandikwa kwenye kitabu cha mapokezi ni jinsia. Kwa kawaida hilo ni jepesi, mhudumu hutazama na kuandika. Lakini ipo miili ambayo hata swali hilo halijibiki kwa macho: mwili ulioteketea ndani ya gari, uliokaa mtoni kwa wiki kadhaa, au mifupa iliyookotwa msituni na watu waliokwenda kukata kuni. Hapo wataalamu hugeukia kichwa, hasa taya na meno, na kuyapiga picha ya eksirei.

Wakazi wa Kericho na Bomet wana sababu ya kulielewa jambo hili. Jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liligonga magari, pikipiki na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara kwenye makutano ya Londiani, na watu 52 wakafariki. Alfajiri ya Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea Kakamega lilipata ajali karibu na Fort Ternan na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Na nje kidogo ya mpaka wa Kericho, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka Januari 31, 2009. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Wengi waliungua kiasi kwamba hata mama mzazi asingeweza kumtambua mwanawe.

Katika ajali nyingi za barabarani jamaa hufika mochari, wakaonyeshwa mwili, wakamtambua mtu wao kwa sura, nguo au kovu. Njia hiyo ni ya haraka lakini ina hatari zake. Aliyefiwa hatazami kwa utulivu. Mwili huvimba na kubadilika rangi, na jaketi la mitumba analovaa kijana mmoja linavaliwa na wengine kumi. Familia ikizika asiye wake, mtu wao hubaki mochari bila jina huku familia nyingine ikizunguka hospitali moja baada ya nyingine. Kurekebisha kosa hilo kunahitaji amri ya mahakama ya kufukua kaburi, na uchungu wa matanga kuanza upya.

Maeneo ya majani chai yana ugumu wake zaidi. Mashamba na viwanda huvuta vibarua kutoka Kisii, Nyamira, Nyanza na Magharibi, na wapo wanaojulikana kazini kwa jina la utani tu. Mtu wa namna hiyo akipata ajali barabarani siku ya mapumziko, majirani wa kambini hudhani amekwenda kwao, na kwao hudhani yuko kazini. Huenda mwezi ukapita kabla ya yeyote kupiga ripoti.

Kwa nini taya na meno

Gamba gumu la nje la jino, linaloitwa enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Nyama huoza, nywele hupotea, lakini meno hubaki kinywani miaka mingi baada ya kifo. Kwenye moto, midomo, mashavu na ulimi huyakinga kwa muda, hasa magego ya nyuma. Meno ya mbele huweza kupasuka kwa joto, ila mizizi yake mara nyingi hubaki imeshikamana na mfupa.

Nyonga ndiyo mfupa unaotofautisha mwanamke na mwanamume vizuri zaidi, kwa kuwa nyonga ya mwanamke ina nafasi ya kupitisha mtoto. Mtaalamu akiwa na nyonga nzima hataanza na taya. Tatizo ni kwamba mara nyingi nyonga haipo. Wanyama wametawanya mifupa, au moto umeimaliza, na kilichobaki ni kipande cha kichwa. Taya la chini ni mfupa mzito na mgumu, na huonekana hata pale mingine imesagika.

Kinachotazamwa kwenye picha

Eksirei ya meno ni ya aina mbili kuu. Iko ile ndogo inayopigwa ndani ya mdomo, ambayo huonyesha meno mawili au matatu na mizizi yake. Nyingine ni ile pana, ambapo mashine huzunguka kichwa cha mgonjwa na kutoa picha moja ya taya zote mbili kutoka sikio hadi sikio. Picha hiyo pana ndiyo iliyotumiwa sana katika utafiti wa jinsia, kwa sababu huonyesha taya lote la chini kwa mara moja.

Mtu akiweka kidole chini ya sikio na kukishusha hadi kwenye kona ya taya, anapapasa ukingo wa nyuma wa ile sehemu inayopanda wima. Kwa wastani, sehemu hiyo huwa ndefu na pana zaidi kwa mwanamume, kwa milimita chache. Kona yenyewe kwa wanaume wengi imesimama karibu na pembe mraba, na kwa wanawake wengi imelala zaidi. Kidevu cha mwanamume mara nyingi kina mfupa mrefu zaidi, hivyo ule umbali kutoka kwenye tundu dogo la mshipa wa fahamu, lililoko chini ya magego madogo, hadi kwenye ukingo wa chini wa taya huwa mkubwa. Wataalamu hupima pia uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu, juu ya magego ya taya la juu. Uwazi huo nao huelekea kuwa mkubwa kwa wanaume.

Kwa upande wa meno yenyewe, linalotazamwa zaidi ni chonge la chini. Hilo ndilo jino linalotofautiana kuliko mengine yote kati ya jinsia hizi mbili. Hata hivyo tofauti ya wastani wa upana wake haifiki hata milimita moja, kwa hiyo si jambo la kuamuliwa kwa macho au kwa rula ya shule.

Vipimo hivyo huingizwa kwenye hesabu moja. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi, lakini vitano vikielekea upande mmoja, mtaalamu anapata ujasiri wa kuandika kwamba mwili huu huenda ni wa mwanamke, au huenda ni wa mwanamume. Neno “huenda” halikai hapo kwa bahati.

Picha inapokosea

Tafiti nyingi za njia hii hutoa majibu sahihi kwa kati ya asilimia 70 na 90. Kwa maneno mengine, kati ya miili kumi, mmoja hadi mitatu huweza kuwekwa kwenye orodha isiyo yake. Wako wanawake wenye taya pana na wanaume wenye taya jembamba, kama inavyoonekana sokoni Litein au Sotik siku yoyote ile. Vipimo vya jinsia hizi mbili hupandana, na anayeangukia katikati hawezi kuamuliwa kwa picha peke yake.

Kuna na suala la nani aliyepimwa. Ukubwa wa taya hutofautiana kati ya jamii na jamii, na hesabu nyingi zilizochapishwa zimetokana na wagonjwa wa nchi za mbali, India ikiwa mojawapo ya nchi zilizoandika sana juu ya jambo hili. Hesabu iliyotengenezwa kwa watu wa huko ikitumiwa kwa mifupa iliyopatikana Kipkelion, usahihi wake hushuka. Mtaalamu makini hutafuta vipimo vya watu wanaokaribiana na marehemu, na akivikosa hulisema hilo kwenye ripoti yake.

Mashine nayo ina mchango. Picha pana hukuza taya kwa kati ya asilimia 10 na 30, kutegemea aina ya mashine na jinsi kichwa kilivyowekwa. Isitoshe, mashine hiyo ilitengenezwa kwa mtu hai anayesimama na kuuma kijiti kidogo. Kichwa kilichoungua hakikai hivyo, ndiyo maana mara nyingi hutumika picha ndogo, mashine ndogo ya kushikwa mkononi, au skani ya CT pale inapopatikana. Uzee pia hubadilisha mambo. Mzee aliyeng'olewa meno mengi, mfupa wa taya lake hupungua kimo, na kona yake hulala hadi ikafanana na ya mtu mwingine kabisa.

Kwa watoto, njia hii ya kupima taya haifai. Kabla ya balehe, taya la mvulana na la msichana ni karibu sawa. Lakini meno ya mtoto husema jambo lingine kwa usahihi mzuri: umri. Gego la kwanza la kudumu huota akiwa na miaka 6 hivi, la pili akikaribia 12, na gego la mwisho kati ya 17 na 21. Chini ya ufizi, eksirei huonyesha meno yaliyo njiani na mizizi imefika wapi, na kwa hilo mtoto wa miaka 9 hutengwa na wa 13. Moto uliotokea Septemba 5, 2024 katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21. Pale jinsia haikuwa swali hata kidogo, na ilibidi wazazi watolewe sampuli za DNA ili kila mmoja apewe mwanawe.

Jino lina DNA ndani yake

Picha isipotosha, jino lenyewe hufunguliwa. Katikati ya jino kuna uvungu wenye nyama laini na mishipa ya damu, na humo DNA huhifadhika vizuri kwa kuwa imezungukwa na kuta ngumu. Maabara hutafuta jeni inayohusika na utengenezaji wa enameli. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X na pia kwenye Y, lakini urefu wake hautoshani. Wanawake huwa na X mbili, kwa hiyo kipimo huonyesha urefu wa aina moja. Wanaume wana X na Y, na kipimo huonyesha urefu wa aina mbili. Jibu hili ni la uhakika kuliko la taya, na hufaa hata kwa mtoto mchanga. Ila lina gharama, huchukua muda, na kazi yenyewe hufanywa katika maabara za serikali kuu, si katika hospitali ya kaunti.

Kwa sababu hiyo picha ya taya ina nafasi yake. Tuseme kuna miili iliyoungua 20 na orodha ya watu 20 waliopotea, 12 wakiwa wanawake. Picha ikitoa mwelekeo wa jinsia na umri, wataalamu wanajua waanze kulinganisha mwili upi na nani. Mwelekeo huo hupanga foleni tu. Mtu hapaswi kufutwa kwenye orodha kwa sababu taya linaonekana la jinsia nyingine.

Jinsia peke yake haitoi jina

Jina hupatikana kwa kulinganisha. Polisi wa kimataifa, Interpol, wanatambua njia tatu kuu za kumtambua marehemu katika maafa: alama za vidole, meno na DNA. Mkenya mwenye kitambulisho ameacha alama za vidole vyake serikalini. Aliye chini ya miaka 18 hajaziacha, na vidole vilivyoungua havisomeki. Meno huja hapo.

Utambuzi wa aina hii si wa jana. Mei 1897 moto uliteketeza soko la hisani mjini Paris na watu zaidi ya 120 wakafa. Mke wa Duke wa Alençon alitambuliwa na daktari wake wa meno, ambaye alikuwa ameandika kila jino alilolitibu. Ndege ya Ethiopian Airlines ilipoanguka Machi 10, 2019 ikiwa na watu 157, wakiwemo Wakenya 32, kazi ya kuwatambua waliofariki iliendelea kwa miezi kadhaa, na familia zilitakiwa kuleta chochote kilichoweza kulinganishwa.

Katika kazi ya Interpol, maelezo ya mtu akiwa hai hujazwa kwenye fomu ya manjano, na ya mwili kwenye fomu ya waridi. Fomu ya waridi hujazwa mochari na haina shida kubwa, kwa kuwa mwili upo. Ya manjano ndiyo hubaki na nafasi tupu. Wakazi wengi humwona daktari wa meno pale tu jino linapouma, likang'olewa, na habari ikaishia hapo bila picha wala karatasi. Eksirei nzuri kuliko zote iliyopigwa mochari haina la kulinganishwa nalo ikiwa ya marehemu akiwa hai haikuwahi kupigwa, au ilitupwa.

Hata hivyo familia hujua mengi kuliko inavyodhani. Mwanya kati ya meno ya mbele. Jino lililopandana na lingine. Jino lililovunjika kwa kufungulia chupa. Meno ya rangi ya kahawia, yanayoonekana kwa watu waliokulia sehemu za Bonde la Ufa zenye maji ya floraidi nyingi kama Nakuru na Naivasha, ambayo yanaweza kudokeza marehemu alilelewa wapi. Kuna pia wazee wa Kipsigis walioondolewa meno mawili ya mbele ya chini kwa mila. Eksirei hutofautisha hilo na jino lililotoka kwenye ajali: pengo la zamani limejaa mfupa, na la ajali lina shimo wazi. Alama hiyo huwapunguza wanaotafutwa, ingawa wazee wa rika moja wanaweza kuwa nayo wengi, kwa hiyo lazima iambatane na nyingine.

Jinsi mkazi anavyoweza kusaidia

Chini ya Katiba ya 2010, hospitali za kaunti na mochari ni jukumu la serikali ya kaunti, ilhali polisi na maabara za uchunguzi wa jinai ni za serikali kuu. Anayemtafuta jamaa kwa hiyo huhitaji kupita pande zote mbili: kituo cha polisi, ambapo ripoti huandikwa na kupewa nambari ya OB, na mochari za hospitali, zikiwemo za kaunti jirani. Majeruhi na miili ya ajali ya Londiani au Kapkatet haiendi lazima sehemu moja. Katika maafa makubwa, shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, linalopatikana kwa nambari 1199, huweka dawati la kuwatafuta waliopotea.

Anayekwenda huko abebe picha ambayo mtu wake anacheka na meno yanaonekana, hata kama ni ya harusi au ya simu. Picha ya pasipoti yenye mdomo uliofungwa haisaidii sana. Abebe pia kadi ya hospitali au kliniki ya shamba, na jina la kliniki yoyote alikowahi kutibiwa jino, hata ikiwa ni ya mji mwingine. Anayepigwa eksirei ya meno leo aombe nakala yake kwenye karatasi au simu na kuiweka pamoja na vyeti vya nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo hospitali ina haki ya kuuliza anayeomba rekodi ya mwingine ni nani na ametumwa na nani. Barua ya polisi hurahisisha.

Kwa DNA, sampuli zinazofaa zaidi ni za baba, mama au watoto wa damu wa aliyepotea. Ya mume au mke haisaidii, ila yake huweza kuhitajika pamoja na ya mtoto wao.

Moto unapozimwa, meno yaliyoungua huwa mepesi kuvunjika kama mkaa. Yakiguswa au kichwa kikinyanyuliwa bila uangalifu, husagika, na pamoja nayo hupotea kila kitu ambacho picha ingeonyesha. Watu wenye nia njema hukimbia kukusanya mabaki kwenye magunia ili yasionekane na watoto. Ni afadhali kuufunika mwili kwa shuka au turubai pale pale ulipo, kuwazuia watu wasikanyage, na kuwasubiri polisi. Kipande kidogo cha taya kilichobaki mahali pake, chenye mizizi miwili ya jino, kina thamani kubwa kuliko gunia la majivu lililochanganywa.